Siti ya mtoto kwenye gari: kapu, ya kugeuza au busta, ipi inafaa kwa gari zetu za Unguja na Pemba

Mimi naendesha Noah, nachukua wageni erpoti nawapeleka Nungwi, Paje, Kiwengwa, kokote wanakotaka, na kwa muda mrefu siti ya mtoto kwangu ilikuwa kitu cha wageni. Wanaandika kabisa kabla hawajafika, tunae mtoto wa miezi minane tunataka siti, basi natoa siti buti nafuta vumbi nafunga, safari ikisha nairudisha buti, jioni nakwenda nyumbani nampakia mke wangu na bint yetu, na mtoto anapakatwa mbele kama watoto wote wanavyopakatwa. Siti iko buti, mwanangu yuko mapajani mwa mama ake. Nikikumbuka hilo mpaka leo linaniuma.

Kilichonibadilisha ni kima. Pale Jozani barabara imewekwa matuta kwa ajili ya kima punju wanaovuka, sasa sisi tunatoka Paje jioni, matuta tumeshayamaliza nishaanza kukanyaga mafuta, kima mmoja na mtoto wake tumboni akaingia barabarani, nikashika breki kwa nguvu zote. Sikugonga kitu, gari haikuguswa popote, lakini bint alimchoropoka mama ake kama sabuni, kichwa kikapiga dashibodi. Alivimba kipaji chote, tukaenda nae hospitali, alhamdulillah ikawa uvimbe tu. Na mke wangu alikuwa kamshika kwa mikono miwili, yeye mwenyewe kafunga mkanda. Ile ilikuwa breki tu.

Nikaja kupiga hesabu baadae. Gari ikigonga kitu ikiwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa ni sawa na kuanguka toka juu ya mnazi wa mita 10. Mtoto wa kilo 10 kwa nukta ile anavuta kwenda mbele kwa uzito wa kilo 200 na zaidi, yaani gunia nne za mchele za kilo hamsini hamsini, nani atazishika kwa mikono? Na wale wanaojifunga mkanda mmoja mama na mtoto pamoja, uzito wa mama wote unamjia mtoto na mkanda unambana katikati, hiyo mbaya zaidi kuliko mnavyofikiri. Shirika la Afya Duniani linasema siti iliyofungwa sawa inaweza kupunguza vifo vya watoto wachanga kwenye ajali kwa kiasi cha asilimia 70. Sijui kitu kingine cha gari chenye faida hiyo kwa mtoto.

Sasa kuchagua. Jamaa wengi wananipigia wananiuliza ipi nzuri, wanataka niwatajie kampuni, na mimi jibu langu siku zote moja, kabla ya kwenda dukani nenda kwenye gari yako mwenyewe, fungua mlango wa nyuma uangalie mkanda.

Mana gari zetu hizi nyingi zimekuja zimeshatumika Japani, na kila gari ina yake. Kuna siti ya nyuma yenye mkanda kamili, wa begani na wa kiunoni, hapo siti karibu zote za watoto zinafungika. Kuna ile ya katikati kwenye gari za zamani mkanda ni wa kiunoni tu, hapo busta, kile kikalio cha kumnyanyua mtoto mkubwa, usiweke kabisa, mtoto juu ya busta bila mkanda wa begani atakunjika mbele kichwa kikapige magoti na mkanda unamkata tumbo. Halafu kuna gari mkanda umekatika au umeingia ndani ya siti hautoki, au mwenye gari kaufunika na kava zile za kushonesha, hiyo itengeneze kwanza, siti ya laki ngapi haina maana juu ya mkanda mbovu. Mkanda wenyewe uvute kwa ghafla, ukikamata mzima, ukiteleza tu ukaja wote bila kushika huo tena si mkanda.

Halafu tia vidole kwenye ule mpasuo baina ya mgongo wa siti na kikalio. Ukikuta vyuma viwili vidogo vigumu, unene wa kalamu, hiyo ndo Isofix, pahala pa kuchomeka siti ya mtoto bila kutumia mkanda wa gari. Japani gari mpya zinatakiwa ziwe nayo kuanzia 2012, na za kabla ya hapo nyingine zinayo nyingine hazina, ndo maana nasema tia vidole usisikilize dalali.

Isofix au mkanda? Isofix uzuri wake ni kwamba ukisikia imelia kacha mbili, huku na huku, na alama imegeuka kijani, basi imefunga, hata mtu asiejua hakosei sana. Wageni wangu wengi wanaipenda. Lakini mimi nyumbani nilinunua ya mkanda na sijajuta, kwa sababu ya Pemba. Kila sikukuu tunakwenda Wete kwa wazee wa mke wangu, siti tunapanda nayo boti, tukishuka Mkoani anakuja shemegi na Carina yake ya zamani haina Isofix wala harufu yake, na barabara ya kwenda Chake ile milima na kona zake mnaijua wenyewe. Siti ya mkanda inafungika pale pale bandarini kwa dakika tano. Ningekuwa nayo ya Isofix peke yake bint angepakatwa milima yote ile. Zipo zinazokubali vyote viwili, ukiipata na pesa unayo chukua hiyo, lakini ukilazimika kuchagua moja na unaishi kwa kuazimana gari kama tunavyoishi wengi wetu, chukua ya mkanda ujifunze kuifunga vizuri. Kwa usalama zote mbili sawa zikifungwa sawa.

Haya, tuje kwenye aina zenyewe.

Kapu ni ile ya mtoto mchanga yenye mpini wa kubebea, inaangalia nyuma tu, kwa kawaida mwisho wake kilo 13. Raha ya kapu mtoto akilala unamtoa na kapu lake humuamshi, na kwa mtu asie na gari, anaekwenda kwa teksi au gari ya jirani, kapu ni jepesi unalichukua unaingia nalo. Na kwa mtoto wa siku mbili anaetoka hospitali hakuna inayomkaa vizuri kama hii. Ubaya wake linaisha haraka, mtoto mkubwa mkubwa mwaka hajafika kichwa kimeshafika juu ya ukingo, na pesa yako imekwenda. Lingine, mkanda wa gari unalizunguka kapu lote nyuma, sasa gari nyingine mkanda mfupi haufiki, kwa hiyo jaribu kabla hujalipa. Na mkishafika nyumbani mtoeni mtoto mumlaze, msimuache akaendelea kulala ndani ya kapu juu ya kochi masaa, mtoto mchanga shingo yake laini, kidevu kikilala kifuani anaweza akakosa pumzi bila hata kulia.

Ya kugeuza ndo niliyonunua mimi. Unaanza nayo mtoto akiwa mdogo inaangalia nyuma, akikua unaigeuza inaangalia mbele, nyingi mwisho kilo 18 yaani kwenye miaka minne hivi. Nzito, na kwenye gari ndogo kama Vitz au Passo ikiangalia nyuma inakula nafasi, mtu wa siti ya mbele inabidi asogee magoti yaguse dashibodi, mama mkwe wangu analalamika kila siku. Lakini piga hesabu, unanunua mara moja unakwenda nayo miaka, wakati wa kapu ukimaliza mwaka unarudi dukani.

Hapo kwenye kugeuza ndo watu wanapoharibu. Mtoto akitimiza miezi tisa kumi, ameshakaa mwenyewe, basi watu wanamgeuza aangalie mbele, eti amechoka kutazama siti, eti miguu inamkunjika. Jamani miguu mwacheni aikunje, watoto wanakaa kitako mkekani siku nzima hawaumii. Shida ni shingo. Kichwa cha mtoto mdogo ni kama robo ya urefu wake wote na kizito, na mifupa ya shingo bado laini haijashikana. Gari ikisimama ghafla akiwa anaangalia mbele, mwili umekamatwa na mikanda kichwa kinatupwa peke yake, shingo ndo inabeba. Akiwa anaangalia nyuma kichwa, shingo na mgongo vyote vinazama pamoja kwenye ganda la siti. Sheria mpya za Ulaya za siti zinasema angalau miezi 15 ndo uanze kufikiria kugeuza, na Sweden wao watoto wanaangalia nyuma mpaka karibu miaka minne. Mimi wangu nilimgeuza alipofika uzito wa mwisho ulioandikwa kwenye siti, alikuwa na miaka miwili na kitu, na kila mtu kwenye familia alikuwa na neno la kusema.

Kwa hiyo ukinunua ya kugeuza usiangalie rangi wala mto, angalia kibandiko kinasema kuangalia nyuma mwisho kilo ngapi. Nyingine zinaishia 9, nyingine 13, nyingine 18. Chukua inayokwenda mbali.

Busta ni ya wakubwa, kuanzia kilo 15 na hata hapo mimi nasema subiri afike miaka minne, atulie. Busta yenyewe haimfungi mtoto, inamnyanyua tu ili mkanda wa gari ukae pahala pake, wa chini juu ya mifupa ya nyonga si tumboni, wa juu katikati ya bega si shingoni. Iko yenye mgongo na iko ya kikalio tupu. Ya kikalio rahisi sana na nyepesi, lakini mtoto akisinzia anaanguka pembeni mkanda unatoka begani, na safari yetu ya mjini mpaka Makunduchi mtoto gani hasinzii? Chukua yenye mgongo. Ile tupu muachie mtoto wa skuli aliepita kimo cha sentimita 125. Na busta haiachwi mtoto akifika darasa la kwanza, Uingereza wanasema mpaka sentimita 135, nchi nyingine za Ulaya mpaka 150. Kipimo changu cha haraka, mkalishe bila busta mgongo uguse nyuma kabisa, magoti yakikunja vizuri ukingoni na mkanda ukakaa begani, ameshatoka. Miguu ikiwa imenyooka mbele bado.

Tena jambo moja halina kuchagua, siti inayoangalia nyuma haiwekwi mbele penye eabegi, ule mfuko wa hewa unaofumuka gari ikigonga. Ule mfuko unapasuka kwa nguvu ya kuua, na kichwa cha mtoto kiko sentimita chache tu toka dashibodi. Shusha kile kikinga jua cha abiria utaona picha ya siti ya mtoto imekatwa msalaba, hiyo si mapambo. Nyuma ndo pahala pake, na sisi tunaendesha kushoto kwa hiyo upande wa kushoto nyuma mtoto anashuka penye majani si penye magari.

Mpya au mtumba? Hapa niseme tu nimeumia. Ya kwanza kabisa niliyonunua kwa ajili ya wageni ilikuwa mtumba, imeshuka na kontena, jina kubwa, kitambaa kizuri, muuzaji akaniapia. Nilikuwa nayo miezi. Siku moja mtoto wa mgeni katapika, nikavua kava lote nifue, ndani nikakuta lile povu gumu jeupe kama la kwenye maboksi ya TV limepasuka toka juu mpaka chini upande wa kichwa, na mkanda mmoja wa bega umekatwa ukashonwa na uzi wa viatu. Nilikaa chini pale barazani. Watoto wangapi nimewabeba mle.

Siti ikishapata ajali imekwisha kazi hata kama macho hayaoni kitu, na mtumba nani atakwambia? Kwa hiyo mimi sasa msimamo wangu, mtumba chukua kwa mtu unaemjua, dada yako, jirani, mwenzako kazini, anaekwambia ukweli nilinunua mwaka fulani haijagongwa. Na ukiipata igeuze chini uangalie plastiki, utakuta kiduara kama saa ndogo, katikati mwaka, mshale unaonyesha mwezi, hiyo ndo siku iliyotengenezwa. Plastiki ya siti inakuwa na umri wake, makampuni mengi yanasema baina ya miaka 6 na 10, na hapa kwetu na jua hili gari ikishinda nje mchana kutwa mimi sivuki kile kilichoandikwa hata mwezi. Vua kava angalia povu. Hesabu mikanda. Hakuna kitabu chake, tafuta namba yake kwenye intaneti upate maelezo, na kama kibandiko kimebanduliwa achana nayo.

Kibandiko chenyewe kiwe cha rangi ya chungwa kwa zile zinazopimwa kwa kilo za mtoto, kimeandikwa R44/04, au kimeandikwa R129 kwa zile zinazopimwa kwa sentimita za kimo chake, hizo ni namba za kanuni za usalama wa siti, na herufi E ndani ya duara na namba ya nchi iliyoipitisha, E1 Ujerumani, E4 Uholanzi, E11 Uingereza. Zinazotoka Marekani zina kibandiko tofauti na zina ile klipu ya kifuani, nzuri tu, ila zinataka mkanda wa gari ujikaze wenyewe, vuta mkanda wote mpaka mwisho uachie urudi pole pole, ukisikia kaka kaka kaka na hautoki tena basi unafaa, gari nyingine hautafanya hivyo. Sasa kuna vile viti vya kitambaa na sponji vinafungwa na kamba nyuma ya siti, bei chee, vinauzwa sana na picha nzuri za watoto wanacheka. Havina kibandiko chochote. Usinunue. Mpya ya bei ndogo yenye E ni bora kuliko hiyo na ni bora kuliko mtumba wa jina kubwa usiojua ulikotoka.

Ukishanunua, kufunga. Siti nyingi za Ulaya njia ya mkanda ikiwa na rangi ya bluu ni kuangalia nyuma, nyekundu kuangalia mbele, usichanganye. Tia goti ndani ya siti uilemee na uzito wako, mkono mwengine vuta mkanda mpaka jasho likutoke, kisha shika siti pale mkanda unapopita uitikise, ikicheza zaidi ya sentimita mbili na nusu fungua uanze tena. Mikanda ya mtoto ikiwa anaangalia nyuma itokee usawa wa bega au chini kidogo, akiangalia mbele usawa wa bega au juu kidogo. Kaza, halafu jaribu kufinya mkanda pale kwenye mtulinga kwa vidole viwili, ukiweza kushika mkunjo bado haujakaza. Mtoto wa arobaini mnamfunika shali na sweta na nini, vua, mfunge kwanza kisha khanga mtupie juu.

Joto. Chuma cha kifungio kwenye jua la saa saba kinaunguza ngozi kweli, mimi ninayo khanga kuukuu maalum, nikishuka tu naitandika juu ya siti. Na mtoto hata amelala vipi usimuache garini ukasema naingia Darajani mara moja, ndani ya dakika 10 joto linapanda digrii kama 10 juu ya lile la nje. Mkitoka pwani mkung'uteni mchanga kabla hajakaa, ukiingia kwenye kile kifungio chekundu hakilii tena ile kacha, na kisipolia hakijafunga. Kisafishe kwa maji ya vuguvugu tu, usitie mafuta. Mikanda futa na kitambaa, usiiroweke sabuni ya unga.

La mwisho ni bibi. Siku ya kwanza mtoto alilia toka Bububu mpaka Mwanakwerekwe, mama mkwe nyuma ananiambia, "Baba, mtoto mnamfunga kama mbuzi, mtoeni nimpakate mwenyewe, nimelea saba hawajafungwa." Sikumjibu kwa ukali, yule ni mamangu. Nikasimamisha gari pembeni nikamwambia, "Mama, shika mfuko huu wa mchele wa kilo kumi mapajani, mimi nakwenda pole pole nashika breki kidogo." Mchele ulikwenda chini ya siti ya mbele. Alinyamaza, na toka siku ile yeye ndo anaeniuliza, "Mtoto mshamfunga?"

Kwa nyumba yenye gari moja na pesa ya siti moja, mimi nasema ya kugeuza, mpya, ya mkanda, inayokubali kuangalia nyuma mpaka kilo nyingi. Huna gari unatembelea za watu, kapu. Mtoto ameshapita miaka minne, busta ya mgongo na usipoteze pesa kwengine. Sikukuu mkiwa wanane kwenye Ist mnawapeleka watoto Mnazi Mmoja, piga safari mbili.

Ile siti yangu iliyopasuka sikuiuza wala sikumpa mtu. Nilikata mikanda yote kwa mkasi, nikaandika IMEVUNJIKA kwa kalamu nene mbele na nyuma, ndo nikaipeleka jaani, mana najua ingekuwa nzima kwa macho kuna baba angeiokota akampelekea mwanawe.